Punda mzee akichechemea
Punda huficha maumivu. Punda mzee wa Lamu anayebeba mchanga na mawe akianza kuchechemea, ujue ameshaumia vya kutosha. Uchunguzi wa awali ni haki yake: ukwato usafishwe, utazamwe kama una jiwe, jipu au umerefuka kupita kiasi, na mguu upapaswe kutafuta joto na uvimbe. Zahanati ya punda iliyopo mjini tangu 1987 hutibu bure, basi hakuna udhuru. Kabla ya kumsumbua kwa vipimo zaidi, tujiulize: je, majibu yatabadilisha matibabu? Ikiwa ni baridi yabisi ya uzee, apewe dawa ya maumivu, kwato zichongwe, mizigo ikome. Aliyetulisha miaka yote anastahili kulishwa bila kubebeshwa kitu.