Ukili wa Kinole Usikatike Tena

Yapo maneno yanayosemwa mjini kwamba ususi wa mikeka huku Uluguru umekufa, na kwamba umeuawa na uvivu wa wanawake wa siku hizi. Sisi tulio Kinole twasema maneno hayo si kweli. Nusu yake ya kwanza ilikaribia kuwa kweli miaka michache iliyopita. Nusu ya pili haikuwa kweli hata siku moja. Na kwa kuwa ususi huo umeanza kurudi, na wapo watu ambao wameanza kuunyemelea, yafaa tuyaseme mambo haya waziwazi mapema.

Asiyejua kusuka huuona mkeka akadhani umefumwa mara moja kama kitambaa. La hasha! Kwanza hukatwa kuti changa la mkindu, lile la katikati ambalo halijafunuka. Kuti huanikwa juani mpaka ukindu uwe mweupe, kisha huchanwa chane nyembamba zenye upana mmoja. Zinazotakiwa rangi huchemshwa: ya manjano hutoka katika bizari, nyeusi katika mizizi ya mdaa, na siku hizi hutumiwa pia rangi za unga za dukani. Ndipo husukwa ukili, utepe mrefu unaopimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu iliyonyooshwa. Mwisho ukili huo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utokee. Mshono ukienda kombo mkeka hautalala chini sawasawa, na kila mwanamke atakayeukalia atajua umeshonwa na nani.

Uzuri wa ukili ni kwamba hubebeka. Mama husuka akingoja zamu zahanati, husuka akichunga mpunga ulioanikwa, husuka hata akisikiliza wajomba wakibishana juu ya shamba la ukoo. (Na ndugu zetu wanaume wanajua kwamba katika mabishano hayo anayesuka kimya pembeni ndiye mara nyingi mwenye neno la mwisho.) Zamani mwali aliyewekwa ndani alifundishwa kazi hii na bibi zake. Mkeka ulikuwa kitanda, ulikuwa zawadi ya arusi, na msibani ndiyo waliokalia waombolezaji.

Basi ari ya kazi hii ilipoteaje?

Kwanza ilikuja mikeka ya plastiki, yenye maua na rangi kali, rahisi kununua na rahisi kufua. Ikaja mifuko ya rambo, ambayo mwenye duka aliitoa bure, na kikapu kikawa alama ya mshamba. Lakini sisi hatuamini kwamba plastiki peke yake ingeweza kuushinda mkono wa mama wa Kiluguru. Kilichouua moyo wake ni bei. Mnunuzi aliyepanda mlima kufuata ndizi na mananasi aliuchukua mkeka kama nyongeza ya mzigo wake. Akataja bei yeye, akahesabu yeye, akaondoka. Mama aliyechana, aliyechemsha, aliyesuka na kushona kwa siku nyingi alibaki na fedha isiyomtosha sukari na sabuni za mwezi. Kila msusi aliuza peke yake, mlangoni pake, bila kujua jirani yake kapewa nini. Hapo wala si ajabu mtu akiutundika ukili wake darini akaenda kupalilia bizari.

Kisha tukaongeza dharau. Mtoto aliyefaulu mtihani alipigiwa makofi mbele ya shule nzima, na hiyo ni haki yake. Aliyeweza kusuka ukili wa chane nyingi bila kuangalia mikono yake, huyo hakuna aliyemwuliza habari. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua kwamba mwanafunzi hujifunza upesi sana kile ambacho mwalimu wake anakidharau.

Wazee wetu wanalikumbuka jambo linalofanana na hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikawaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kulima mlima hakukuwa kazi ngeni kwa Mluguru. Lakini kazi hiyo ilikuja kwa amri, haikuwa na faida aliyoiona kwa macho yake, na hakuulizwa. Mwaka 1955 hasira zikalipuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Mikono ile ile iliyokataa matuta iliendelea kulima mpunga, ndizi na mahindi. Twalitaja jambo hili kwa sababu wanaotaja uvivu husahau kuuliza kwanza nani aliyepanga kazi, na nani anayekula faida yake.

Sasa tueleze kilichobadilika. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Watu waliozoea kwenda sokoni mikono mitupu wakajikuta wanafunga nyanya katika kanga. Ni kweli kwamba upesi ikaja mifuko mbadala, lakini wapo waliokumbuka kikapu cha bibi, wakaja kukitafuta. Kina mama wakateremsha ukili darini.

Marufuku ile ilirudisha haja ya kikapu. Furaha ya kusuka ilirudishwa na jambo jingine, nalo hatujaliona likiandikwa popote. Wenye ujuzi walikuwa wachache na wengi wao wazee. Wasichana waliotaka kujua ilibidi wawafuate. Hivyo baada ya kazi za shamba wakaanza kukaa pamoja chini ya mfenesi. Mmoja anachana, mwingine anasuka, bibi anafumua ukili uliokosewa huku mwenye nao analalamika. Nakshi zikarudishiwa majina yake. Pakatokea mashindano ya nani ataunda nakshi mpya. Na kwa kuwa walikuwa pamoja, bei za wanunuzi zikaanza kulinganishwa: wewe kakupa ngapi? Na wewe? Siku hiyo, ndugu wasomaji, ndipo tulipojua kwamba kazi hii imefufuka.

Wanachama wasione baraza la ususi kuwa jambo dogo la wanawake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakungoja wamfuate ofisini. Aliwafuata katika vyama vyao vya ngoma mle Dar es Salaam, mahali walipokuwa tayari wanakutana, wanachanga na kuaminiana. Wanawake wanaokaa pamoja jioni baada ya jioni wameshajenga chama, hata kama hakina mhuri.

Lakini hatari imeshafika mlangoni. Baadhi ya wanunuzi wa mjini wanakuja na picha moja ya kikapu kimoja. Wanataka vingi vya rangi hiyo hiyo, nakshi hiyo hiyo, kwa tarehe yao na bei yao, na wanatoa fedha kidogo ya kutanguliza ili kumfunga mtu. Kila mama anarudi nyumbani kwake kusuka usiku kwa taa, mfenesi unabaki na kuku, na makuti machanga yanakatwa yote bila kuacha la kukuza mti. Sisi hatuwachukii wanunuzi. Bila wao hakuna soko. Ila tumeona jambo hili lilivyoishia kwingine. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kiondo, kikapu cha akina mama wa Kikamba na Kikikuyu. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilipendwa sana Ulaya na Marekani, vikasafirishwa kwa wingi. Kisha viwanda vya Asia vikaiga umbo lake, vikatoa vya mashine kwa bei ya chini, na wasusi wengi wakaachwa na mikonge yao. Mashine huiga upesi kile kinachorudiwa rudiwa bila kubadilika. Nakshi inayozaliwa barazani jioni ya leo haiwezi kuiigiza kabla haijaiona.

Kwa hiyo twataka nini?

Twataka kwanza wasusi wa Kinole na wa Tegetero waandikishe ushirika wao, na bei ya chini itajwe na wao wenyewe. Hesabu si ngumu. Wachukue ujira wa kibarua wa kutwa katika shamba la bizari au mananasi, wahesabu siku zinazoliwa na mkeka mmoja, waongeze gharama ya ukindu na rangi. Anayetaka chini ya hapo na aende akasuke mwenyewe. Kikundi kilichosajiliwa chaweza pia kuomba mkopo usio na riba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za wenye ulemavu. Fedha ya kutanguliza ikitoka huko, mnunuzi hana kamba ya kumfunga mtu.

Jambo la pili ni mikindu yenyewe. Mkindu hupenda mabonde na kingo za vijito, na huko ndiko tunakofyeka kupanda mboga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Watu wengi wanaiona sheria hiyo kama jembe lililonyang'anywa. Basi ukanda huo upandwe mikindu! Mti utashika udongo, ukindu utavunwa bila kulima, na maji yanayoteremka upande wetu kuelekea Mto Ruvu, ambayo Dar es Salaam hunywa, yatafika na tope kidogo zaidi. Twangoja kusikia bwana shamba gani atalipinga jambo hili, na kwa hoja gani.

Walimu nao tunawaomba wawaite wasusi darasani. Mafunzo ya amali yanasifiwa sana tangu mtaala mpya uanze mwaka 2024, lakini mtu anaweza kufikiri amali ni kitu kinachokuja na gari kutoka mjini. Bibi anayekaa hatua chache kutoka shuleni anajua hesabu za nakshi ambazo mwanafunzi wa kidato cha pili angezitolea jasho. Alipwe, na wavulana wasiachwe nje.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe wa chama, na tunajua halitawapendeza wote. Kiongozi akipanda mlima kuja kututembelea, tumezoea kumkabidhi mkeka mzuri kuliko yote kama “zawadi ya kina mama”. Picha hupigwa, vigelegele hupigwa, mkeka huingia garini. Je, zawadi hiyo imelipwa na nani? Aghalabu kina mama wenyewe wamechangishwa, au msusi mmoja kaombwa “ajitolee”. Twawakemea wanunuzi kwa kumpunja msusi, kisha sisi tunamchukulia bure! Tawi likitaka kumpa mgeni mkeka, tawi linunue, kwa bei kamili, na mwenye kuusuka asimame atajwe jina.

Mjini Morogoro lipo Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa mwaka 2021. Jina hilo ni la kwetu, ni la machifu wa Kinole tangu zamani. Twataka meza ya ushirika wa wasusi wa Kinole ndani ya soko hilo, na kamati itakayokwenda kuiomba ichaguliwe barazani kabla mvua za masika hazijaharibu njia. Kina mama wameshasema watakutana chini ya mfenesi siku inayofuata gulio, baada ya alasiri. Makatibu wa matawi wafike, wakae mkekani kama watu wengine, na daftari la bei wakalione humo.