Ganzi ya Mgongo au Usingizi wa Kuvuta?

Ijumaa iliyopita, hapa Moshi, ndugu mmoja alinieleza kuwa mkewe atakapopasuliwa kujifungua, yeye hataki achomwe ganzi ya mgongo. Ataka alazwe kabisa.

Ndugu msomaji, hofu ya mgongo naifahamu. Lakini dawa ya kuvuta, kama halotheni iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1956, hailazi ubongo peke yake. Misuli ya mji wa mimba hukaza kwa kalsiamu. Kadiri dawa inavyozidi, kalsiamu iingiayo hupungua, na hiyo iliyomo misuli huiitikia kwa unyonge. Mji wa mimba ukilegea baada ya kondo kutoka, mishipa hubaki wazi, damu ikamwagika. (Ulegezaji huohuo humfungulia pumzi mwenye pumu!)

Zipo dharura zinazolazimu usingizi kamili. Mtaalamu ndiye ajuaye. Nilimuuliza ndugu yetu: mama mwenyewe asemaje? Akanyamaza.