Moshi wa Kuuza

Msomaji, mali ya mtu huweza kupotea kwa njia mbili. Yaweza kuibwa usiku mwenyewe asijue, na yaweza kuuzwa mchana kwa bei ndogo huku mwenyewe akishangilia. Njia ya kwanza hulaumiwa na kila mtu. Njia ya pili aghalabu hupigiwa makofi. Insha hii yahusu mali ya Afrika iliyo katika hatari ya kupotea kwa njia ya pili, nayo ni injini za mvuke zilizovuta magari ya moshi katika bara letu, pamoja na maarifa ya watu walioziendesha.

Wako watu, wengi wao kutoka Ulaya, wapendao injini hizo kama wengine wapendavyo farasi. Hukusanyika, hukodi garimoshi zima, wakasafiri Zimbabwe, Afrika ya Kusini, Eritrea na hata hapa Kenya, ili wavutwe na injini ya zamani. Sina ugomvi na mapenzi yao. Mtu apendaye chombo kilichofanywa vizuri ni mtu mwenye macho, na si haki kusahau kwamba fedha za wageni kama hao zimesaidia kuokoa injini nyingi zisikatwekatwe na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Ugomvi wangu ni na sisi wenyeji, tunaowasha moto kwa ajili ya mgeni tu, naye akienda zake tunauzima pamoja na maarifa yake. Nasema kwamba injini hizi ziendelee kutembea. Lakini ziwe kwanza shule ya watoto wetu, kisha ndipo ziwe burudani ya wageni.

Na tufahamu kwanza ni kitu gani tunachokizungumza. Mjini Nairobi, karibu na stesheni kuu, kuna makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo imo injini namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni moja katika injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki. Uzito wake ni kama tani 250 na urefu wake wapita meta 31. Hazikupata kutembea injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo juu ya reli ya upana wa meta moja. Boila lake limebebwa katikati ya mashine mbili, mfano wa machela baina ya wachukuzi wawili, na kila mchukuzi hugeuka kwa upande wake njia ipindapo. Kwa ustadi huo ilipanda kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hata Nairobi, kwenye kimo cha zaidi ya meta 1,600, ikivuta mzigo wa tani 1,200. Za mwisho za daraja hilo ziliondolewa kazini mwaka 1980. Hii ya 5918 ilitengenezwa hata ikatembea tena mwaka 2001.

Sasa tazama desturi ya safari za wapenzi wa injini katika nchi nyingi. Treni husimama porini. Abiria hushuka na kujipanga kando ya reli, kamera mkononi. Treni hurudi nyuma, ikatoweka nyuma ya kilima, kisha huja mbio na kupita mbele yao ikitoa wingu zito la moshi mweusi. Picha zisipopendeza, treni hurudi nyuma tena na mchezo huanza upya. Moshi ule si wa safari, bali ni wa kuuza.

Hapa pana kichekesho, na chini ya kichekesho pana msiba. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua. Mtia moto hodari hupima mafuta na hewa hata kwenye bomba la moshi huonekana ukungu mwembamba tu. Moshi ukizidi kuwa mweusi, masizi hujenga ndani ya mirija ya boila, joto likashindwa kuyafikia maji, mvuke ukapungua, na dereva akakwama mlimani na mzigo wake. Kweli, katika injini za mafuta iko saa ya kutoa moshi mweusi kwa kusudi: mtia moto hurusha mchanga tanurini, nao huvutwa kupitia mirija na kuyakwangua masizi. Lakini huko ni kusafisha, na mtu hasafishi nyumba siku nzima ili apigwe picha. Kwa hiyo jambo alipalo mgeni kwa furaha ndilo ambalo mtia moto wa zamani angelionea haya. Kijana atakayejifunza kazi hii katika siku za wageni peke yake ataipokea ikiwa imepinduliwa, kichwa chini na miguu juu. Atadhani kwamba kufuka ndiko kufanya kazi.

Wala jambo hili si la sifa tu. Injini ya mvuke ni chombo cha hatari mikononi mwa asiyekijua. Maji ya boila yakishuka hata paa la tanuri likabaki kavu, chuma hulainika kwa moto, mvuke hulipasua, na waliomo hawapati nafasi ya kujuta. Dereva huyatazama maji katika kioo cha kipimo. Lakini kioo hudanganya treni ipandapo au ishukapo mlima, maana maji huinama upande mmoja. Mwenye kazi alijua ni kilima gani hudanganya na kwa kiasi gani. Maarifa ya namna hiyo hayakai katika chuma. Hukaa katika watu. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 injini za mwisho zilipoondolewa mwaka 1980 amekwisha kuwa mzee. Chuma kitamngoja mrithi miaka mia, mzee hawezi kungoja.

Wako watakaosema: "Na iwe hivyo. Injini hizi ni alama ya ukoloni. Ziyeyushwe zikafanywe sufuria." Neno hili lina uzito, wala sitalipita kwa kejeli. Reli ya Mombasa hata Kisumu ilijengwa tangu 1896 hata 1901, na katika wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, kiasi cha 2,500 walikufa. Wanandi waliipinga njia hiyo katika ardhi yao, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905. Mishahara ya reli ilipimwa kwa rangi ya ngozi. Na Januari 1947 wafanyakazi wa reli na wa bandari walikuwa miongoni mwa maelfu waliogoma mjini Mombasa kudai haki yao. Haya yote ni kweli. Basi, je, hakimu hutupa kielelezo motoni kabla kesi haijasikilizwa? Mkoloni alikwisha kuchukua faida yake. Kuiyeyusha injini hakumwadhibu, bali kunamfutia nyayo. Injini isimame mbele ya watoto wetu, tena itembee, ili wapate kuuliza ni nani aliyelaza mataruma, ni nani aliyechochea moto, na ni nani aliyelipwa nusu ya haki yake. Tukinyamaza, hadithi itasimuliwa na mgeni, naye atasifu kiwanda cha Manchester na kumsahau mtia moto wa Makindu na Voi.

Wengine watasema: "Shule hazina madawati, zahanati hazina dawa, nawe wataka tuchezee treni?" Nami siombi senti moja ya dawati wala ya dawa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni yuko tayari kulipa. Neno langu ni kwamba malipo yake yasiishie katika moshi. Katika kila safari ya wageni yatengwe mabehewa kwa wanafunzi, na katika nauli ya kila mgeni itengwe sehemu ya kumlipa mzee afundishe na kijana ajifunze. Mgeni asiyekubali masharti hayo haipendi injini. Apenda picha yake.

Tena wako wanaosema kwamba elimu ya mvuke imepitwa na wakati. Hao na waende Olkaria, karibu na Naivasha, wakaone mvuke wa ardhini ukizungusha mitambo ya umeme. Na waende katika viwanda vya majani ya chai huko Kericho, ambako boila huwashwa ili chai ikaushwe. Kijana aliyesimama kando ya tanuri la 5918 na kuelewa kwa nini maji yasishuke hatakuwa mgeni katika kiwanda chochote chenye boila. Injini ya zamani ni ubao mkubwa wa somo la fizikia: moto, maji, kani na mwendo, vyote vyaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio.

Ikiwa wadhani kwamba naota ndoto, tazama Eritrea. Reli yao ya kutoka Massawa hata Asmara ina urefu wa kilometa 118, nayo hupanda kutoka pwani hata kimo cha zaidi ya meta 2,300. Ilijengwa na Waitalia, ikaharibiwa katika miaka ya vita. Vyuma vyake viling'olewa vikajengea mahandaki. Baada ya uhuru wa 1993 wananchi waliazimia kuifufua kwa mikono yao. Waliitwa wazee wa reli waliokwisha kustaafu, wengine wamepita miaka 70, wakaja wakafanya kazi pamoja na vijana. Wakatafuta mataruma na reli mahali zilipofichwa na vita, wakatengeneza injini zilizoundwa Italia mwaka 1938, na mwaka 2003 njia ikafika Asmara tena. Wapenzi wa injini kutoka ng'ambo walikuja baadaye, wakakuta nyumba ina mwenyewe. Huo ndio utaratibu ninaoutetea: mwenyeji kwanza awashe jiko kwa haja yake, kisha mgeni akaribishwe kula.

Hata hivyo, wakati hautungoji. Tangu 31 Mei 2017 abiria wa Mombasa na Nairobi wana reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, na injini ya reli ya meta moja haiwezi kuikanyaga. Maisha ya 5918 yamefungwa katika njia ile ya zamani. Njia hiyo ikiachwa iote majani na mataruma yake yakiibwa, hata injini ikipakwa rangi kila mwaka itakuwa maiti iliyopambwa.

Kuna jambo moja zaidi la kukumbuka. Gelai si mlima wa Kenya; uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Injini nyingine katika makumbusho yale, namba 3020, yaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida. Majina haya yalipigwa ubavuni siku ambazo reli moja ilizihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua fungu lake, lakini majina hayakung'oka. Mtoto anayeuliza Gelai ni wapi amekwisha kuanza safari ndefu kuliko ya Mombasa.

Basi, msomaji kijana, neno la mwisho ni lako. Usiridhike kusimama kando ya reli ukipunga mkono huku wengine wakipita katika mali yako. Mtafute mzee wa reli katika mtaa wenu kabla hajaondoka, umwulize, uandike asemayo. Waombe walimu wako wakupeleke makumbushoni. Na ufikapo, usitazame ukubwa wa magurudumu tu, bali uliza ni nani ajuaye kuyazungusha. Ukijibiwa kwamba hayupo, jua kwamba nafasi hiyo i wazi na yakungoja wewe. Mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari ya mali hii ni mikono ya wazee, nayo inafungwa ukurasa kwa ukurasa.