Mchezo wa Darasani Nao Unahitaji Andalio

Hakuna tena anayebishana hadharani kwamba mtoto wa darasa la kwanza hujifunza kwa kucheza. Tangu mwaka 2015, Tanzania Bara ilipopunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili ili mkazo uwekwe kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, michezo imekuwa ikitajwa miongoni mwa mbinu ambazo mwalimu anatakiwa kuzitumia, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 haukurudi nyuma. Kenya imeshika njia hiyohiyo katika mtaala wa umilisi ulioanza madarasani mwaka 2019. Kasoro inaonekana ukifungua andalio la somo. Kwenye safu ya shughuli za mwanafunzi utakuta pameandikwa “kucheza mchezo wa namba”, basi. Mchezo upi, umechaguliwa kwa ajili gani, mtoto akikosea atakosea vipi, hayo hayamo. Chini kabisa, penye tathmini, utasoma “wanafunzi wengi wameelewa somo”, maneno ambayo wakati mwingine huandikwa kabla kengele ya kipindi haijalia.

Mchezo ambao mwalimu hajui unamfundisha mtoto nini, wala hana namna ya kujua kama amejifunza, ni burudani. Burudani si dhambi, lakini haiwezi kudai dakika thelathini za kipindi cha Hisabati katika nchi ambako wahoji wa utafiti wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba, wakamsikiliza mtoto mmoja mmoja, na kukuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya darasa la pili. Wanaotetea michezo wasipolijibu hilo, wataushinda mjadala wale wanaoamini kwamba dawa ni ubao, chaki na kiboko. Na jibu lake, kwa maoni yangu, ni kuacha kuziona kupanga mchezo na kuupima kuwa kazi mbili. Mwalimu akishaamua jana yake ni neno gani au kitendo gani atakachokisikiliza na kukitazama mtoto anapocheza, amekwisha kupanga, na kipimo anacho tayari.

Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua juu ya jambo hili ulitoka Marekani, na vifaa vyake vilikuwa duni kiasi cha kuchekesha. Mwaka 2008 watafiti Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha matokeo ya mchezo wa vyumba kumi vilivyopangwa kwa mstari mmoja, kila chumba na namba yake, kuanzia 1 hadi 10. Mtoto anazungusha kishale, kikisimama kwenye 1 anasogea chumba kimoja, kikisimama kwenye 2 anasogea viwili, huku akitaja namba anazozipita. Waliocheza walikuwa watoto wa shule ya awali kutoka familia za kipato cha chini, na walicheza mara nne tu, kama dakika kumi na tano kila mara, ndani ya wiki mbili. Wakawa hodari zaidi wa kuhesabu, kuzitambua namba zilizoandikwa na kusema ipi kubwa kati ya mbili, na wiki tisa baadaye bado walikuwa na maendeleo hayo. Kundi jingine lilicheza mchezo uleule, kwa muda uleule, isipokuwa vyumba vyao vilikuwa na rangi badala ya namba. Kwa hao maendeleo yale hayakuonekana.

Kilichofuata kinanivutia zaidi. Vyumba vilipopangwa kwa duara badala ya mstari, faida ile haikupatikana, kwa kuwa duara halimwonyeshi mtoto kwamba namba inavyokua ndivyo inavyokwenda mbali. Kisha mwaka 2014 Elida Laski na Siegler wakaonyesha kwamba hata namna ya kutaja namba ina uzito wake. Mtoto aliye kwenye chumba cha nne, akipata hatua tatu, anaweza kusema “moja, mbili, tatu” au “tano, sita, saba”. Yule anayeendeleza hesabu kutoka alipo ndiye aliyejifunza zaidi. Kwa macho ya mgeni anayechungulia dirishani, hao wote wawili wanacheza, wanacheka na wanahesabu. Tofauti iko katika maneno matatu yanayotoka mdomoni, na mwalimu ambaye hakujiandaa kuyasikiliza atayakosa.

Tuyalete hayo kwenye mchezo wetu. Mdako haugharimu hata senti: kishimo ardhini, kokoto kumi, na jiwe moja au ndimu ya kurushia. Mtoto anarusha, anazoa kokoto nje ya shimo, anadaka. Anarusha tena, anazirudisha zote shimoni isipokuwa moja, ambayo anaibakiza kama yake. Ukiucheza hivi, mdako unajenga wepesi wa mkono na jicho, na hapo hauna hesabu ya maana, kwa kuwa mkono ndio unaoamua. Lakini mwalimu akiweka sharti dogo, kwamba kabla ya kurusha mara ya pili mchezaji aseme atarudisha ngapi, mambo yanabadilika. Amezoa sita, anabakiza moja, anarudisha ngapi? Wakifika mzunguko wa kubakiza mbili, swali linakuwa gumu kidogo. Yupo atakayejibu papo hapo, yupo atakayezigusa kokoto moja moja kwa kidole, na yupo atakayekisia akimtazama mwalimu usoni. Hizo ni hatua tatu tofauti za kuelewa kutoa, na zimeonekana chini ya nusu dakika, bila karatasi ya mtihani. Andalio la mchezo huo linahitaji mistari miwili tu: sharti lililoongezwa, na majibu matatu yanayotazamiwa. Tofauti na wimbo wa moja hadi kumi unaoimbwa na darasa zima, hapa mtoto hawezi kujificha nyuma ya sauti ya mwenzake. (Nyimbo zina kazi yake, lakini kama kipimo hazifai kabisa.)

Kuna wanaosema haya ni mambo ya kizungu, yanayohitaji midoli na vyumba vyenye mazulia. Pwani yetu ililijibu hilo zamani. Mpango wa shule za awali za Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kusambaa hadi Zanzibar na Uganda, ulijengwa juu ya kona za kujifunzia zilizojaa vifaa vya kufaragua: vifuu, visoda, magamba ya konokono wa baharini, vijiti, makopo. Utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto hao na waliosoma shule nyingine za awali pamoja na waliobaki nyumbani. Makundi yote mawili ya wanaosoma yaliwapita waliobaki nyumbani, na watoto wa Madrasa walikuwa mbele zaidi ya wote. Kilichoutofautisha mpango ule ni kwamba walimu wake walifundishwa na kufuatiliwa, wakarudiwa darasani mara kwa mara. Visoda peke yake visingefika huko.

Hoja nzito zaidi ni ya msongamano. Tangu michango ya lazima ilipoondolewa Tanzania Bara mwaka 2016, si ajabu darasa la kwanza la shule ya serikali kuwa na watoto mia moja na zaidi kwenye chumba kimoja, wakati kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi arobaini na watano. Nani atawatazama wote hao wakicheza? Hakuna, na hapo ndipo wengi wanapokosea: hakuna aliyesema lazima wote watazamwe siku moja. Mwalimu anayekaa na kikundi cha watoto watano kwa siku, wengine wakiwa kwenye michezo wanayoijua tayari au wakiandika, amewaona ishirini na watano kwa wiki na mia moja kwa wiki nne. Mwalimu wa ubao katika darasa hilohilo anaweza kumaliza muhula bila kumsikia mtoto wa safu ya nyuma akisoma sentensi moja. Ni kweli kwamba wiki za kwanza zitaliwa na kufundisha taratibu za michezo, nani anagawa kokoto, nani anazikusanya, sauti iishie wapi, na ni kweli mwalimu wa darasa la pili la jirani atalalamika kelele. Na chumba chenye watoto mia mbili kinataka vyumba na walimu wa kuajiriwa. Hapo mbinu yoyote ya kufundishia ni kubandika plasta kwenye mfupa uliovunjika.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili kabisa, kwa wapenzi wa michezo wenyewe, nayo naiheshimu: ukishaupima mchezo umeuua. Mtoto akimwona mwalimu ameshika kalamu na daftari anaacha kucheza na kuanza kutafuta jibu linalompendeza mkubwa. Hilo hutokea. Ndiyo maana mapumziko yabaki mali ya watoto. Kombolela na rede za uwanjani zisiguswe na andalio la mtu yeyote. Ninachokizungumzia ni mchezo wa ndani ya kipindi, ambao mwalimu ameuchagua na kuuwekea sharti, huku mtoto akibakiwa na nafasi ya kuamua ndani yake: azoe ngapi, acheze na nani, ajaribu tena au ampishe mwingine. Alama zisitangazwe, kalamu ishikwe baada ya watoto kutoka. Mwaka 2022 uchambuzi ulioongozwa na Kayleigh Skene, uliokusanya tafiti 39, ulionyesha kwamba mchezo unaoongozwa namna hiyo uliwapa watoto faida zaidi ya ufundishaji wa moja kwa moja katika hesabu za awali na utambuzi wa maumbo. Kwa kusoma, ushindi wa namna hiyo haukuonekana, na hilo tulikubali bila kinyongo. Sauti za herufi na silabi zifundishwe waziwazi, ba be bi bo bu kama kawaida, na michezo ya kadi za silabi ije baadaye kama mazoezi. Anayetaka kila kitu kigeuzwe mchezo ana imani zaidi ya ushahidi.

Wazazi nao wana lao. Anayelipa ada kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza anataka kuona daftari limejaa vema nyekundu, na mtoto wa miaka mitano au sita anapelekwa kwenye usaili wa kuingia darasa la kwanza kama mtu anayeomba kazi benki. Mzazi huyu hana ubaya. Anahukumu kwa kitu pekee anachoonyeshwa. Akiambiwa “mwanao anacheza vizuri” ana haki ya kukasirika. Akiambiwa kwamba mwanawe mwezi uliopita alikuwa akigusa kokoto moja moja na sasa anatoa kichwani hadi kumi, ila bado anachanganya 6 na 9 akiziandika, ataondoka na habari ambayo vema ishirini zisingempa. Ila habari hiyo haipatikani kwa mwalimu ambaye hakuandika lolote.

Hapo pana mtego ambao Kenya imetuonyesha. Walimu wake wa madarasa ya chini walikabidhiwa viwango vinne vya kumpanga kila mtoto, kuanzia anayezidisha matarajio hadi aliye mbali nayo, kwa kila somo na kila kipengele, na malalamiko ya kujaza fomu hadi usiku hayakukawia. Fomu ikiwa ndefu kuliko kipindi, mwalimu mwenye akili timamu huijaza kwa kukisia. Afadhali daftari moja la kawaida, ukurasa mmoja kwa kila mtoto, tarehe na sentensi moja: “kabakiza mbili, kasema tano bila kugusa.” Sentensi ya namna hiyo inamwambia mwalimu cha kufanya Jumatatu. Neno “wastani” halimwambii.

Lakini mwalimu haandiki anachoamini, anaandika anachokaguliwa. Mkuu wa shule anasaini andalio akitazama kama safu zote zimejazwa, mthibiti ubora naye akija anahesabu maandalio yaliyosainiwa, na mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha anajua kwamba mkaguzi wake atatafuta ubao uliopangika na darasa lililotulia. Kwa hiyo mabadiliko yaanzie huko. Mthibiti ubora akifika darasa la kwanza, achague jina moja kwenye rejista, la mtoto asiyekaa mbele, amuulize mwalimu mtoto huyo anahesabu vipi na amejuaje. Jibu likipatikana kwenye daftari, asome ukurasa wa mtoto wa pili na wa tatu. Lisipopatikana, ziara hiyo itumike kukaa chini na mwalimu na kikundi cha watoto watano, wacheze mdako, waandike kurasa tano za kwanza pamoja.