Mbu Hana Fainali

Neti iliyo juu ya kitanda cha nyanya yangu huku Asumbi, kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, ina matundu manne. Mawili nimeyashona mwenyewe. Niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo muda ninao. Usiku mmoja mtoto wa dadangu alichemka humo hadi asubuhi. Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na vifaa vya kupima malaria. Nduthi hadi cha pili ilikuwa mia tatu. Alipona. Lakini zile mia tatu bado zinaniuma.

Sasa tuongee kuhusu mashabiki. Aprili 2009, mwigizaji Ashton Kutcher alishindana na CNN nani atatangulia kufikisha wafuasi milioni moja kwenye Twitter. Aliahidi neti 10,000 akishinda, 1,000 akishindwa. Mashabiki walibofya, akashinda. Kuna wanaocheka mambo kama hayo. Mimi sicheki. Mtoto aliyelala ndani ya neti haulizi nani alilipa.

Shida yangu ni kile kipenga cha mwisho. Idadi ikitimia, watu wanashangilia na kurudi kwao. Neti yenye dawa hudumu miaka mitatu hivi, kisha inakuwa uzio wa vifaranga. Mbu wa Homa Bay na Migori naye hachezi mechi moja akaenda. Mvua ikinyesha, yuko.

Na anayepambana naye kila wiki hana mashabiki. Ni nyamrerwa, yule mama ambaye serikali inamwita mhamasishaji wa afya ya jamii. Anatembea boma hadi boma akiuliza nani ana homa na nani amelala nje ya neti. Posho aliyopangiwa tangu 2023 ni shilingi 5,000 kwa mwezi: nusu serikali kuu, nusu kaunti. Hakuna anayemchangishia, kwa sababu kiatu kilichoisha soli hakipendezi kwa picha.

Msiniambie wafadhili wapo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa sahihi moja tu.

Na tusiwaseme watu wa mbali peke yao. Grupu yetu ya WhatsApp ya Gor Mahia imechangia basi la kwenda Kisumu, jezi na matanga matatu. Malaria je? Hata bob. Na hii ndiyo timu iliyokaa bila taji la ligi kutoka 1995 hadi 2013, miaka 18, na baba zetu hawakuhama. Sisi tumerithi uvumilivu huo. Malaria inautaka huohuo, si mbio za wiki moja.

Kwa hivyo nasema hivi: kila grupu ya mashabiki, iwe ya K'Ogalo, ya Arsenal au ya wale vijana wa Korea, imchukue nyamrerwa mmoja na ibaki naye. Watu hamsini, shilingi hamsini kila mwezi. Hiyo ni 2,500, sawa na nusu ya posho yake. Viatu, nauli, bando. Msimu ukiisha, mnaendelea.

Jana nilituma hamsini yangu na kuandika hivyo kwenye grupu. Saba wamecheka. Mmoja ametuma. Tumebaki kutafuta arobaini na wanane.