Motokari ya babu si mitraye: itengenezwe hapa hapa Lubumbashi

Lubumbashi. – Tangu wiki mbili, familia moja ya mji wetu inabishana juu ya motokari iliyolala kwenye garaji, nyuma ya nyumba, tangu miaka ya 1970. Walikuwa wanatoa mbao za zamani ili wajenge vyumba vya kupangisha, ndipo wakaifikia: Triumph TR3A, motokari ya michezo ya Waingereza, viti viwili, taa za mbele zimetokeza kama macho ya chura. Mzee wao aliiweka pale wakati piesi zilipokosekana mjini, akaifunika turubai, akangojea siku nzuri. Siku hizo hazikuja, mzee akafariki. Leo kila mtoto anataka makuta yake.

Wanunuzi wa mitraye walifika siku ile ile na mizani yao. Kwao motokari ni kilo tu. Nyuma yao akaja mwingine mwenye maneno matamu: ataichukua jinsi ilivyo, ataipakia kwenye kontena, itapita Kasumbalesa, atalipa mkononi, na hataki karatasi nyingi. Vijana wa familia wanasema: chuma kimekufa, tuuze. Mimi nasema hapana, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, chuma hakijakufa. TR3A ilitengenezwa kati ya 1957 na 1962, karibu motokari 58,000. Haikufichwa ufundi wa ajabu ndani yake. Karoseri imekaa juu ya shasi yake, na mabawa ya mbele na ya nyuma yamefungwa kwa buloni: bawa likioza, unalifungua na kuweka lingine. Moteri ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 1991. Ni ndugu wa moteri zilizovuta trakta za Ferguson shambani. Ndani yake mna shemizi zinazotoka: zikichakaa, fundi anaweka shemizi na pistoni mpya bila kuchonga bloki. Piesi hizo bado zinatengenezwa Uingereza mpaka leo. Anayewaambia kwamba haiwezekani, ama hajui, ama anataka bei ishuke.

Pili, mikono iko hapa. Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines, ilifundisha baba zetu kuyeyusha, kukereza na kuchonga chuma. Ateliers Centraux de Panda, kule Likasi, walitengeneza piesi za mashini kubwa za migodi. Halafu, miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa kile kilichoitwa « départ volontaire ». Wengi walirudi nyumbani na ufundi wao kichwani, bila kijana wa kumwachia. Kila mwaka tunawazika. Mtu aliyejua kutengeneza gia ya mashini ya mgodi atashindwa na bushi ya motokari ndogo? Huyo ndiye anapaswa kuitwa leo, si mwenye mizani.

Najua jibu mtakalonipa. « We muandishi, watu wanakosa maji na umeme, wewe unalilia mchezo wa matajiri wa zamani. » Swali hilo ni la haki. Lakini kuuza mitraye kutaleta maji kwenye robineti ya nani? Pesa ya kilo itagawanywa kwa watoto wote, na itaisha kabla ya mwezi kuisha. Kuitengeneza ni kazi: kazi kwa anayesudura, kwa mpaka rangi, kwa mshona viti, kwa fundi wa umeme, na darasa kwa vijana wa shule za ufundi ambao wanasoma moteri kwenye ubao bila kuigusa. Na motokari iliyosimama juu ya magurudumu, yenye karatasi, haina bei moja na lundo la kutu. Kama familia itataka kuiuza siku hiyo, iuze kwa bei ya kweli, mchana kweupe.

Kuna mfano wa Ufaransa ambao unatufaa pande mbili. Mfanyabiashara wa malori aliyeitwa Roger Baillon alikusanya motokari za zamani ili azitengeneze na kufungua makumbusho. Biashara yake ikaanguka katika miaka ya 1970, motokari zikabaki kwenye vibanda, nyingine zikaoza kabisa. Wajukuu hawakuita mwenye mizani. Waliita wataalamu, na Februari 2015 zikauzwa Paris mbele ya watu wote. Ferrari moja tu, iliyokuwa imefunikwa na magazeti, ilifika zaidi ya euro milioni 16. TR3A si Ferrari, na hakuna milioni zinazotungoja Lubumbashi. Ila wajukuu wale wanatufundisha tusiharakishe kuuza tusichokijua. Na babu yao anatufundisha kwamba mpango usio na tarehe ni kaburi la motokari.

Basi, tarehe zianze. Wiki hii, foto za kila upande, na kibao cha namba ya shasi kisiguswe na mtu. Karatasi za mzee zitafutwe kwenye masanduku, maana bila karatasi hata kazi nzuri italeta kesi. Kijana yeyote asifunge batri mpya na kujaribu kuwasha! Moteri iliyolala miaka zaidi ya 40 ukiiwasha kwa nguvu, unaivunja. Mabuji yatolewe, mafuta yamiminwe kwenye silinda, yakae siku kadhaa, halafu moteri izungushwe kwa mkono, pole pole. Tanki ioshwe. Shasi ichunguzwe kwa nyundo ndogo: pale sauti ni nzito, pana kutu. Freni zitengenezwe kabla ya rangi. Rangi ni ya mwisho, hata kama wajomba wanataka iangaze kesho kwa ajili ya foto.

Na pesa? Isitolewe yote mara moja. Mwaka huu shasi na freni, mwaka ujao moteri, halafu karoseri. Vyumba vya kupangisha vijengwe upande wa pili wa parsele, na sehemu ya kodi ilipe piesi. Familia iandike karatasi moja, wote watie sahihi: hakuna mtoto anayeuza peke yake.

Kwa wakubwa wa mji nina ombi moja. Magari ya zamani yanatoka mjini kila siku kama mitraye, na hakuna anayeyahesabu. Fungueni daftari, hata moja tu, kabla mizani haijapita kwenye parsele zote. Kwa familia: kontena linaweza kungoja. Wazee wa Panda hawawezi.