Mizani Mbili za Kampuni Moja

Liko neno tunalolisikia mara kwa mara nje ya kanisa baada ya Misa, na mara nyingine ndani ya vikao vyetu wenyewe: kwamba kodi za makampuni makubwa ni mambo ya wanasiasa na wahasibu, na Mkristo anayeyagusa ameiacha Injili. Tunalikataa neno hilo. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinamkataza Mwisraeli kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, moja kubwa na moja dogo. Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Kama Mungu alijishughulisha na mfuko wa muuza nafaka, hatuoni kwa nini asijishughulishe na vitabu vya hesabu vya mchimba dhahabu.

Sisi wa milima hii ya Mbuji na Mbinga, tunaolima ngoro na kutunza mibuni, tunaijua kodi kwa upande mmoja tu. Kahawa ikifika AMCOS inapimwa, na ikishauzwa, makato yanatangulia kabla mkulima hajashika hata shilingi: ushuru wa halmashauri, fedha za ushirika, deni la pembejeo. Tangu 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya thamani ya mauzo. Tuseme tena: ya mauzo, si ya faida. Hakuna karani anayeuliza mbolea ilinunuliwa kwa bei gani, vibarua wa kuchuma walilipwa kiasi gani, au kama chulebuni imekula nusu ya shamba. Aliyepata hasara na aliyepata faida wanakatwa sawasawa kwa kila shilingi. Mama mjane akienda dukani kununua sabuni, kodi imo tayari ndani ya bei. Haombwi kujaza fomu wala hajitetei.

Kampuni inapimwa kwa mizani nyingine. Sheria inaitaka ilipe asilimia 30 ya faida yake, na faida ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama. Hilo peke yake si dhambi. Mgodi unagharimu fedha nyingi sana kabla ya kutoa gramu ya kwanza, na ni haki gharama hizo zihesabiwe. Hasara ya mwaka huu ikipunguzwa kwenye faida ya mwakani, nalo hatuligombi. Ugomvi wetu unaanzia pale gharama zinapoandikwa na ndugu kumwandikia ndugu. Kampuni tanzu iliyoko Tanzania inakopa kwa kampuni dada iliyoko ng'ambo na kuilipa riba. Inailipa kampuni mama ada ya usimamizi na ada ya ushauri. Fedha zimetoka mfuko wa kushoto wa koti na kuingia mfuko wa kulia wa koti lilelile, lakini katika vitabu vya Tanzania zimeandikwa kuwa gharama, na faida imepungua kwa kiasi hicho. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inawataka ndugu hao wauziane kama watu wasiojuana. Ni sheria nzuri. Ila bei ya mahindi tunaweza kuiuliza sokoni. Bei ya ushauri uliotolewa kwa simu kutoka mji wa mbali utaiuliza kwa nani?

Kuna jambo jingine ambalo waamini wengi hawajapata kuelezwa, nalo ni kodi iliyoahirishwa. Tufanye kikundi chetu kimenunua mashine ya kukoboa kahawa kwa shilingi milioni 10, na mwaka huohuo, kabla ya kuihesabu mashine, kimebakiwa na milioni 10. Tufanye pia kwamba sheria ya kodi inaruhusu kutoa gharama yote ya mashine mwaka wa kwanza. Mbele ya TRA faida ni sifuri, na kodi ni sifuri. Lakini katika taarifa wanayosomewa wanachama, mashine inachakaa kwa miaka kumi, milioni 1 kila mwaka. Hapo faida ni milioni 9, na asilimia 30 yake ni shilingi milioni 2.7, nazo zinaandikwa kwenye mstari wa kodi. Mwenyekiti anasimama na kusema kweli kabisa kwamba vitabu vyetu vinaonyesha kodi ya milioni 2.7. TRA haijapokea hata senti. Hesabu hiyo ni halali, na wahasibu wana sababu zao za kuiandika hivyo. Deni hilo litalipwa siku za mbele, iwapo faida itapatikana na haitanunuliwa mashine nyingine. Kwa hiyo kampuni inapojisifu kwa wananchi kwamba imeandika kodi ya mamilioni, swali la kwanza liwe: imeandikwa, au imelipwa?

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Kampuni ya African Barrick Gold, ambayo baadaye iliitwa Acacia, iliingia soko la hisa la London mwaka 2010. Migodi iliyokuwa ikiipatia dhahabu ilikuwa hapa Tanzania: Bulyanhulu na Buzwagi kule Kahama, na North Mara kule Tarime. Kati ya 2010 na 2013 iliwagawia wanahisa wake gawio la zaidi ya dola milioni 400. Miaka hiyohiyo kampuni zake tanzu zilikuwa zikiieleza TRA kwamba hazina faida ya kutozwa kodi. TRA ikauliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza: kama migodi yote iko hapa na yote haina faida, gawio limechimbwa wapi? Kampuni ilijitetea kwa hoja nyingi za kisheria, mojawapo ikiwa kwamba yenyewe si mkazi wa Tanzania kwa mambo ya kodi. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi likaiamuru ilipe dola milioni 41.25, ambayo ni kodi ya zuio juu ya gawio hilo.

Tukiitazama habari hii tunamkumbuka Anania na mkewe Safira, katika Matendo ya Mitume sura ya 5. Waliuza shamba, wakaficha sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki miguuni pa mitume kana kwamba ndiyo yote. Petro hakumlaumu Anania kwa kubakiza. Alimwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na fedha zilikuwa mikononi mwake. Kosa lilikuwa kutaja kiasi kisicho cha kweli mbele ya watu waliokuwa na haki ya kuambiwa ukweli. Kampuni inayowaambia wanahisa wa London kwamba mambo ni mazuri, na kuwaambia Watanzania kwamba mambo ni mabaya, imeuza shamba moja na kutaja bei mbili.

Mtunza hazina wa jumuiya ndogo ndogo akituambia sisi kwamba sadaka haikutosha, kisha akamwonyesha paroko daftari lenye ziada, hatungemwacha mpaka Jumapili inayofuata.

Watatujibu kwamba kampuni zinafuata sheria. Mara nyingi ni kweli, na hapo lawama inarudi nyumbani. Sheria na mikataba ya miaka ya tisini viliandikwa na kutiwa saini na watu wetu, na wengine wao wanakaa nasi katika mabenchi ya mbele. Mikataba ilikuwa siri. Misamaha ilitolewa kama karanga. Na anayedhani viongozi wa dini wameingia katika mambo haya juzi, ajue kwamba mwaka 2008 TEC, CCT na BAKWATA, yaani Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu kwa pamoja, walitoa ripoti kuonyesha jinsi taifa lilivyokuwa linaambulia kidogo katika dhahabu yake. Mwaka 2012 wakarudi na nyingine iliyouliza Tanzania itaachaje kupoteza zaidi ya dola bilioni moja za kodi kila mwaka, na ripoti hiyo haikuwalaumu wageni tu: misamaha tuliyoitoa wenyewe ilikuwa na fungu kubwa. Hapo viongozi wetu hawakuiacha Injili. Walikuwa wakihesabu dawa zisizofika zahanati.

Lakini mizani ya uongo haigeuki kuwa ya haki inaposhikwa na Serikali. Mwaka 2017, baada ya kamati ya Profesa Mruma na ile ya Profesa Osoro, TRA iliidai Acacia dola bilioni 190: kodi bilioni 40, na riba na adhabu bilioni 150. Kampuni hiyo ilikuwa inauza dhahabu ya zaidi kidogo ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Wengi tulishangilia, ilikuwa tamu kusikia. Lakini dai linalozidi mauzo ya miaka mia moja na themanini ni ngoma, si hesabu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Barrick, mwenye hisa mkubwa wa Acacia, akakubali kulipa dola milioni 300, na Januari 2020 mkataba ukatiwa saini, Serikali ikapata hisa asilimia 16 katika Kampuni ya Twiga na migodi. Kutoka bilioni 190 hadi milioni 300 ni mbali mno. Anayetaka haki ya kweli ataje kiasi anachoweza kukithibitisha.

Na tuna neno kwa mhasibu Mkristo. Yupo, amesoma shule za misheni, anatoa zaka, anaimba kwaya. Katika kitubio anaungama hasira na ulevi. Ile ankara ya ada ya usimamizi aliyoipitisha akijua hakuna usimamizi uliofanyika haimjii hata akilini, kwa sababu aliitia saini ofisini, siku ya kazi, kwa amri ya mkubwa. Zakayo naye alifanya kazi ofisini. Wokovu ulipoingia nyumbani kwake alizungumza kuhusu fedha, tena kwa kiwango: nusu kwa maskini, na mara nne kwa aliodhulumu.

Kwetu Mbinga jambo hili halikai Kahama. Tangu 2011 makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, kata ya Ruanda, chini ya TANCOAL, ubia ulioanza kwa NDC yetu kuwa na asilimia 30 na mbia wa kutoka Australia asilimia 70. Malori yanapita Kitai kila siku, na vumbi lake tunalivuta sote. Hatumtuhumu mtu. Tanzania ina sheria ya 2015 ya uwazi katika madini, na TEITI hutoa ripoti zinazoweka bega kwa bega kile ambacho makampuni yanasema yamelipa na kile ambacho Serikali inasema imepokea. Tunaomba kamati za Haki na Amani za parokia zetu zizitafute ripoti hizo na kuzisoma kwa Kiswahili katika jumuiya. Kisha, diwani akija kwenye mkutano wa hadhara, aulizwe mambo matatu tu: kodi ya mapato iliyolipwa kutokana na makaa ya Ngaka ni kiasi gani, mbali na ile iliyoandikwa, NDC imepokea gawio gani kwa asilimia 30 yake, na ule ushuru wa huduma unaotozwa juu ya mauzo, ambao nao, kama ushuru wa kahawa yetu, haujali faida wala hasara, umeingia kiasi gani halmashauri na umejenga nini.